Mtani wa Mwajabu

Mwajabu wa Salale alikuwa na mtani mmoja aliyemtambua moyoni, naye alikuwa Mwarabu. Warda jina lake, binti wa mwenye duka lililokuwa likinunua kamba wa baharini pale kijijini. Babu zao walitaniana, wao wakarithi. Baba yake Mwajabu alipofariki, Warda aliingia msibani kavaa kofia na koti la marehemu, bakora mkononi, akawagombeza waombolezaji kwa sauti ileile ya mzee: "Nani kaukalia mkeka wangu?" Watu wakacheka mpaka wakalia upya, na siku ile ndipo Mwajabu alipopata usingizi.

Kisha Warda akaolewa Maskati. Duka likafungwa, nyasi zikaota pale walipokuwa wakianika kamba. Abdulazizi, mume wa Mwajabu, akafa mvua za mwaka juzi. Msiba ukawa wa heshima tupu. Hakuna mtani aliyemwigiza kwa kuipiga ile chafya yake; Abdulazizi hakuweza kugomba bila kupiga chafya kwanza. Kwa Mwajabu msiba ukawa kama haujaisha. Mlango ukilia tu, anageuka kutazama nani kaja.

Basi iliposikika kwamba Bungu kutakuwa na Siku ya Urafiki na Umoja, watu wa rangi zote waje, na jamaa za wafanyabiashara wa zamani wamealikwa, alipanda boti mpaka Nyamisati, akachukua bodaboda, njia nzima midomo inamcheza. Alikuwa akipanga matusi ya kumpokelea Warda.

Chini ya mahema walikaa Wachina wanaojenga barabara, Wahindi kutoka Dar, na watoto wa shule na bendera zao. Mshereheshaji akauita ukoo wa Warda. Akapanda jukwaani kijana mmoja tu wa kanzu nyeupe, Twalha, mtoto wa kaka yake.

"Shangazi yako yuko wapi?" Mwajabu akapaza sauti. "Mmemwacha huko ale tende peke yake? Waarabu nyie wachoyo tangu enzi!"

Mshereheshaji akakidaka kipaza sauti. "Mama, mama! Leo siku ya upendo, tusibaguane!"

"Nani kabagua? Huyu si mtani wangu?"

Nyuma kule wazee wa Salale wakaangua kicheko, lakini wageni wakatazamana. Twalha, uso umemwiva, akashuka jukwaani akaja kumwamkia.

"Shikamoo, bibi. Shangazi miguu inamsumbua, hasafiri. Ngoja nimpigie umwone."

Akatokea kwenye simu, Warda yuleyule, kanenepa, kajitanda ushungi, wake wa wanawe wamekaa ubavuni.

"We Warda! Abdulazizi kafa, na wewe umejikalia hukohuko! Nani amwigize? Hebu ipige ile chafya, Mwarabu we!"

Warda akawatazama wakweze. Akauvuta ushungi mbele kidogo.

"Pole sana, dada Mwajabu. Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mwema."

"Mwema? Si wewe uliyekuwa ukimwita chura wa masika?"

"Mambo ya utoto hayo, dada. Tusameheane."

Mwajabu aliukodolea macho ule uso, akingoja angalau kona ya mdomo icheze. Haikucheza.

"Amin," akasema, akairudisha simu.

Mshereheshaji alifurahi kweli. "Mmesikia heshima ile? Huo ndio urafiki!" Akawapiga picha, bibi na Twalha wameshikana mikono, na bibi akapewa fulana ya sherehe.

Kwenye boti ya kurudi alikaa na Mwanaamina, msichana wa jirani, aliyekuwa amesikia yote kule hemani.

"Bibi, hivi babu alikuwaje akigomba?"

Mwajabu akavuta pumzi. Pua ikakunjika, mabega yakapanda, chafya ya Abdulazizi ikamfika kooni kabisa. Akaimeza. Yeye ndiye mfiwa, na mfiwa hamwigizi marehemu wake.

"Hayo," akasema, "anayajua mtani wangu."