Utingo wa Shangazi Yake

Kompyuta kuukuu tulizopewa na hoteli moja ya Mikumi hazikutosha darasa, kwa hiyo kidato cha tatu niliwafundisha kuandika programu wawili wawili. Mmoja anashika kibodi, mwenzake anasoma kila mstari na kumwambia palipo na kosa, kisha wanabadilishana. Wanafunzi wakawaita dereva na utingo. Nami nikayachukua majina hayo, maana Kilosa hapa kila mtu anajua lori lisilo na utingo huishia wapi.

Kulikuwa na wasichana wawili wa nyumba moja. Walikuwa rika moja, ila mmoja alikuwa shangazi wa mwenzake: yeye ni kitinda mimba wa mzee mmoja mkulima, na yule mwingine ni mjukuu wa mzee huyohuyo, aliyeletwa kutoka Zombo kwa mama yake ili asome mjini. Kila asubuhi mjukuu alimwamkia shangazi yake shikamoo, naye akaitikia marahaba bila hata kutabasamu. Niliwaketisha pamoja kwa kuwa walikuja pamoja. Mjukuu ndiye aliyekuwa na kichwa. Sijapata mwanafunzi mwingine kama yule, na sidhani kama nitampata.

Siku hiyo shangazi alikuwa dereva. Walikuwa wakikokotoa wastani wa alama, akasahau mabano, kompyuta ikamletea wastani unaozidi alama za mtihani wenyewe. Akawa anafuta kila kitu isipokuwa penye kosa. Utingo wake alikuwa ameliona; nilimwona akiliona. Aling'ang'ania ukingo wa meza, kimya. Nikachemka. Nikasema, darasa zima likisikia, kwamba ndani ya chumba hiki hakuna shangazi wala bibi, kuna kosa na mtu wa kulisema.

"Shangazi," akasema kwa sauti ndogo, "hapo umekosea."

Darasa likaangua kicheko. Mabano yakawekwa, programu ikakubali. Shangazi mwenyewe alicheka, wakabadilishana viti.

Habari iliwatangulia nyumbani. Kesho yake mzee alikuja shuleni. Nikamwamkia, akaitikia, akasema mjukuu wake anarudi Zombo akafundwe adabu, kwa kuwa amemkosoa mkubwa wake mbele za watu. Huko hatagusa kompyuta tena. Nilimweleza kwamba mimi ndiye niliyemwamuru, na kwamba mkubwa ni jalala, basi lawama zote anitupie mimi. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Mwalimu huhamishwa," akasema. "Shangazi hahamishwi. Huyo ndiye atakayemsimamia siku ya kuolewa na siku ya kufiwa."

Ningemjibu nini mtu wa umri wa baba yangu? Mtoto aliondoka na pikipiki, begi lake la shule kifuani, na mimi nikabaki na ghadhabu isiyo na pa kwenda. Tangu hapo naingia darasani kwa sababu kengele imelia, si zaidi.

Shangazi ndiye aliyenifuata, macho yamevimba. Hakuwa amekasirishwa hata kidogo, alisema, na anamtaka mwenzake arudi. Moyo ukaniinuka. Nikamwambia neno hilo aende akamwambie baba yake leo hii, maana yeye pekee ndiye anayeweza kumrudisha.

Alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu, nitamwambiaje baba kwamba amekosea?"