Injini ya Mdomo

Kaka yangu hajui kukaa. Akila, mguu mmoja uko ndani na mwingine mlangoni. Akipiga simu, anauzunguka ua hadi kuku wanamkimbia. Mama alikuwa akisema kwamba alimzaa njiani, nami nikadhani ni utani, mpaka nilipokua nikaambiwa ni kweli tupu: alizaliwa kwenye gari la kukodi kabla hawajafika hospitali. Kwa hiyo alipoanza kazi ya pikipiki hakuna aliyeshangaa.

Amekula ujana wake wote kwenye pikipiki za mafuta, na zile alizijua kwa sikio. Mshale wa spidi hakuwahi kuutazama. Sauti ikiwa nzito, alijua yuko taratibu. Ikianza kulia nyembamba kama mbu, alijua amezidisha, akapunguza. Ile pikipiki yake ya mwisho ilikuwa na mshale uliokufa tangu kwa mmiliki wa kwanza, na hakuona sababu ya kuutengeneza.

Kisha mafuta yakapanda, akahamia pikipiki ya umeme kama wenzake wote wa kijiweni. Hapo ndipo akili yake ilipovurugika, maana kile chombo hakisemi kitu. Ukikiwasha kimya, ukienda kimya, ukikimbia kimya. Kaka akawa anadhani anatembea kumbe anaruka. Siku za mwanzo alilivaa tuta na katoni ya glasi za watu nyuma, na kilichofika kwa mteja kilikuwa cha kuzoa kwa ufagio.

"Hii pikipiki inanificha mambo," alilalamika.

Dawa akaipata mwenyewe. Akaanza kunguruma kwa mdomo. Msicheke, nilishacheka mimi kwa niaba ya wote, hadi nikakaribia kumeza pini. Mkono wake na ile sauti vilikuwa vimezoeana kwa miaka, kwa hiyo mkono ukivuta, koo linapanda lenyewe. Mkono ukiachia, koo linashuka. Akijisikia analia kama mbu, anapunguza. Na wenye kuvuka barabara walikuwa wakigeuka kutazama ni nini hicho, jambo ambalo kwa hizi pikipiki za siku hizi ni bahati. Wenzake wakambandika jina la Injini, likamganda.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko kwenye kona, mkabala na kijiwe chao, kwa hiyo upende usipende nayaona yote. Naona wanavyopanda juu ya njia ya waenda kwa miguu, wanavyojibu simu kwa mkono uliopaswa kuwa kwenye breki, wanavyoichukulia taa nyekundu kama maoni ya mtu. Kaka hakuwa malaika. Lakini akiwa ananguruma, nilikuwa nashona kwa amani.

Wifi yangu, mke wake, ni nesi katika wodi ya waliovunjika. Kila asubuhi kaka alimpeleka kazini, na kila asubuhi getini walikuwa wakimtania: "Nesi, gari lako tumelisikia tangu kule." Wifi ni mtu wa kupiga pasi mpaka taulo. Aibu ile ilimkaa kooni. Jioni moja nikiwa naanua nguo uani, nikamsikia:

"Mume wangu, nakuomba. Ukinibeba mimi, funga mdomo."

"Nikifunga mdomo sijui nakwendaje."

"Si kuna namba pale mbele?"

"Nitazame namba au nitazame barabara?"

"Watu wazima wenzako wanatazama vyote viwili."

Kaka anampenda mke wake. Akafunga mdomo.

Asubuhi ya ajali niliwaona wakipita. Kusema kweli sikuwaona, niliona vipande vya vitambaa vikiinuka mezani kwa upepo. Mbele kidogo, kwenye mistari ya kuvukia, mzee fundi saa alikuwa anashuka barabarani. Huyu mzee hutembea macho chini, kazi yake imemzoesha hivyo. Barabara anaivuka kwa masikio. Kaka alikanyaga breki, lakini usukani ulishaukamata mkono wa mzee. Wote watatu wakawa chini.

Nilikimbia na kitambaa cha gauni la mteja mkononi. Wifi alikuwa ameshapiga magoti, goti moja linavuja damu, akaninyang'anya kile kitambaa na kuufunga mkono wa mzee. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Mzee alirudia neno moja tu: "Sikusikia kitu, wanangu. Nilidhani barabara ni tupu."

Basi kaka akasemwa. Kijiwe kikamsema, majirani wakamsema, nami ndiye niliyeongoza msafara. Kila mteja aliyekuja kupimwa nguo aliondoka na habari za kaka yangu. Yeye hakujitetea, wala hakumtaja mke wake. Alianza kwenda kwa mzee kila mchana, akawa mkono wa kulia wa mzee. Kaka yangu, asiyeweza kumaliza chai akiwa amekaa, akakalishwa kwenye kigoda ashike kiskurubu kisichozidi chembe ya mchele. "Tulia," mzee anamwambia. "Tulia, bwana, hicho ni kidogo kuliko haraka yako." Jasho linamtoka, goti linacheza chini ya meza, lakini haondoki.

Wifi naye akaacha kupanda pikipiki. Akawa anakwenda kazini kwa miguu, na kaka anamfuata kando kando ya barabara mwendo wa jeneza, ananguruma chini chini, ombi moja mdomoni: panda. Wenzake wakapiga kelele, "Shemeji, panda basi, mnatuchosha macho!" Hakugeuka. Usiku, kupitia ukuta unaotutenganisha, nilisikia jinsi kitanda chao kinavyolia kwa kugeukageuka. Hakuna aliyekuwa analala kule, na mimi pia nikakosa usingizi.

Ndipo kaka akanijia kibandani. "Ninaiuza," alisema. "Kama mke wangu mwenyewe anaogopa mgongo wangu, nitamwambia nini mtoto wa mtu ili apande? Kesho jioni anakuja mtu kuitazama."

"Utafanya kazi gani?"

"Sijui." Akaondoka kabla sijamjibu. Niliumia. Mtu huyu ukimvua barabara unambakiza na nini?

Asubuhi yake wifi aliingia kuchukua sare niliyomshonea pindo. Nje kaka alikuwa anakwenda na kurudi, kwenda na kurudi.

"Wifi," nikamwambia, "leo jioni pikipiki inaondoka. Kama unataka mumeo aache kazi, mwambie kwa mdomo. Usimuue kwa miguu."

Aliikunja ile sare, akaikunjua, akaikunja tena vibaya, yeye wa kupiga pasi taulo. Kisha akatoka. Nami nikatoka na futi yangu shingoni, maana mimi si mtu wa kubaki ndani mazungumzo yakiwa nje.

"Siku ile niliiona namba," alimwambia kaka.

"Namba gani?"

"Ya spidi. Nilikuwa naiona juu ya bega lako. Niliiona inapanda, mume wangu. Nilijua kabisa."

Kaka alimtazama. "Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimechelewa kazini." "Msimamizi alishanionya. Nikasema moyoni, mwache aende hivi hivi, nitawahi. Kutwa nawafokea wagonjwa kwa mwendo wao, na mimi nilikuwa nimekaa pale nyuma, ninafurahi."

Maneno yote niliyoyatembeza mtaani yakanirudi shavuni. Nilitamani kuingia chini ya cherehani.

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu kaka, hakuna kiungo chake kilichocheza. Halafu akaichukua kofia ya abiria, akaifuta ndani kwa mkono wa shati lake, akampa.

Wifi aliipokea. Akaitazama barabara, magari yameshika foleni mpaka kule juu.

"Hata leo nimechelewa," alisema.

"Basi leo utachelewa," kaka akamjibu.

Wifi akafunga mkanda kidevuni, akapanda.