Povu la Dari ya Mama

Kiwandani kwetu hapa Nakuru tunatengeneza povu la kuzuia baridi. Tunachanganya kemikali, povu linaumuka kama mandazi, kisha linakauka kuwa vibao vyepesi vya kuwekwa darini ili joto lisitoroke.

Mama anaishi Molo, kwenye baridi ya kung'ata masikio. Niliomba vibao vilivyovunjika pembe, nikampelekea, nikamwambia fundi atakuja Jumamosi kuvipigilia.

Jumamosi nikakuta dari tupu. Mama alikuwa amevikata vyote kwa kisu cha mkate, akavifunga kwa leso na kuvipanga ndani ya kapu lake, lile la kuivishia chakula bila moto. Katikati ilikaa sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe. Akina mama wa chama chake walikuwa wamelizunguka kapu wakilisifu, kila mmoja na koti lake.

Hasira ikanipanda. "Mama! Hivyo vilikuwa vya kupasha nyumba joto!"

Akanipakulia githeri, mvuke ukanipiga usoni.

"Na nyumba ikipata joto, utakula nyumba?"

Nilikula. Koti sikuvua.