Karatasi Mbili za Kumshusha Mjumbe

Mjukuu wangu wa miaka saba alitolewa darasa la Kiswahili kwa sababu hajui Kiswahili. Naandika kama ilivyokuwa. Mimi Kiingereza sina, nimesoma mpaka la tatu nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu, na yeye kila analolijua analijua kwa Kiingereza. Tunaishi chumba kimoja na mama yake, International City, mtaa wa wageni katika nchi ya Waarabu. Akirudi skuli na jambo la kunieleza, ananieleza kwa mikono, akiona sielewi anachoka, anageukia ukuta. Hilo tu ndilo nililotaka liishe.

Darasa lenyewe ni la Jumamosi asubuhi, Rashidiya, katika majilis, sebule ya wageni, ya familia moja ya Kiunguja iliyohamia huku zamani. Tulilianzisha wenyewe, watu wa Unguja, wa Tanga, wa Dar na Wakenya, tuliochoka kujibiwa kizungu na watoto wetu. Kamati ni watu watano, tuliwachagua kwa kunyoosha mikono. Mimi nilipewa kiti cha mlangoni. Daftari la mahudhurio halikuwepo, kwani mtoto akivuka kizingiti namjua jina lake, la mama yake, na la bibi yake aliyeko nyumbani. Mwalimu akitaka kujua nani hakuja ananiuliza mimi. Hapa lakini siandiki jina la mtu hata mmoja. Yaliyotokea yalitokana na majina.

Mjumbe aliyeshika mambo ya masomo alikuwa bwana mmoja aliyefanya ukarani sokoni Al Ras tangu ujana wake, kwenye duka la viungo. Kiswahili chake kizuri, hilo simnyimi. Siku moja aliwapanga watoto mstari, akamwuliza kila mmoja jana amekula nini. Wangu akajibu kwa Kiingereza, tena kwa furaha, maana swali alilielewa. Wakatolewa kumi na wawili. Alisema wanawarudisha nyuma wenzao, wakajifunze kwanza nyumbani halafu waje. Nikajiuliza, aliyekwisha kukijua nyumbani anakuja darasani kufanya nini.

Mama mmoja Mkenya, mlinzi katika jumba la maduka karibu na kwetu, binti yake naye alitolewa. Ndiye aliyetukumbusha sheria tuliyojiwekea, kwamba mjumbe akikataliwa na zaidi ya nusu ya wazazi, anashuka. Familia ziko arobaini, zilitakiwa ishirini na moja. Taabu ni kwamba huku mtu hapendi kuona jina lake la pasipoti kwenye karatasi ya kumkataa mwenzake. Visa ni visa, kibali cha kukaa huku hakichezewi. Basi tukakubaliana kila mzazi aandikwe tunavyoitana, Mama fulani, Baba fulani. Mlinzi akachukua karatasi moja, binti yangu nyingine, wakawa wanapiga simu. Mtu akisema niweke, anawekwa.

Wiki mbili walizopiga simu mimi sikutulia. Nachambua mchele, nauacha. Nakwenda dirishani, hakuna cha kuona ila madirisha ya wenzetu, narudi. Binti yangu alinikataza kumwuliza wamefika wangapi, nikawa namwuliza kwa macho.

Jumamosi ya mkutano wa wazazi, ndani ya basi, akanipa karatasi zote mbili nizishike. Walikuwa ishirini na wawili, na uso wake ulikuwa umenawiri. Nikasoma taratibu, kidole juu ya kila mstari, mpaka kidole kikasimama.

Kwetu sisi, mama huitwa kwa jina la kifungua mimba wake, hata akizaa kumi. Yule mlinzi alimwita kila mama kwa jina la mtoto anayemleta darasani. Kwenye karatasi ya binti yangu palikuwa na mama mmoja kwa jina la mkubwa wake, aliyebaki Tanga. Kwenye ya mlinzi alikuwa huyohuyo, kwa jina la mdogo. Alipigiwa simu mara mbili akakubali mara mbili, nadhani alifikiri anakumbushwa tu. Nikaanza upya kutoka juu. Walikuwa watatu hivyo. Ishirini na wawili ukitoa watatu wanabaki kumi na tisa.

"Mama, mbona umenyamaza?" binti yangu akauliza.

Nikamwambia basi linanichafua moyo.

Mkutanoni mwenye nyumba, ambaye ndiye mwenyekiti, alizisoma karatasi kwa sauti. Mjumbe akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema yeye hashushwi na majina ya jikoni, aonyeshwe watu. Kukawa na kelele kidogo. Mwenyekiti akanigeukia.

"Bibi, wewe ndiye unayewajua wote. Hawa ni watu ishirini na wawili?"

Mlinzi alikuwa amekaa mbele yangu. "Sema tu, Nyanya," akanihimiza.

Neno "ndiyo" lilikuwa tayari mdomoni. Hakuna mwingine pale ambaye angejua, na mjukuu wangu angekaa mkekani Jumamosi inayofuata. Lakini tangu nimekuja nchi hii nasahihishwa kila kitu, namna ya kupanda treni, namna ya kuwasha jiko. Majina peke yake hakuna aliyewahi kunisahihisha.

"Kumi na tisa," nikasema. "Watatu mmewaandika mara mbili."

Mjumbe akataka kujua ni akina nani hao. Nikamjibu hao simwambii.

"Nyanya, umetumaliza," mlinzi akasema, bila kupandisha sauti. Wakatawanyika, mjumbe akabaki mjumbe.

Nilikuwa nje natafuta viatu vyangu mjumbe aliponifuata. "Bibi, wewe ni mtu wa haki. Jumamosi mlete mjukuu wako. Huyo tutamvumilia."

Nikasema inshallah. Ahadi ile niliipokea kabla sijafikiri, kama mtu anavyopokea kikombe alichonyooshewa.

Wiki ile ilikuwa mbaya kuliko zile mbili. Binti yangu aliniuliza mara moja tu, na wale kumi na mmoja je? Nikamjibu mimi nimeambiwa wangu. Chai ikaniishia hamu. Nikipita na mtoto dukani nikawa nazunguka nyuma ya jengo, nisikutane na yule mlinzi akitoka kazini.

Jumamosi nilimvisha mjukuu wangu gauni la sikukuu. Akaingia, akakaa, mjumbe akanitikisia kichwa kutoka ndani. Nikakaa kwenye kiti changu.

Muda si mrefu mlinzi akatokea, bado na sare yake, amemshika binti yake mkono. Nyuma yake, kutoka upande wa kituo cha basi, nikawaona watoto wengine waliotolewa, na mama zao. Niliwatambua kwa mwendo kabla ya sura.

"Na huyu, Nyanya?" akaniuliza.

Kiti changu huwa katikati ya mlango. Nikainuka, nikakisogeza mpaka ukutani, nikamwita binti yake kwa jina nikamwambia apite. Akapita. Nikamwita wa pili, na wa tatu.

"Bibi," mjumbe akasema akija, "hao hawamo. Hebu kaa chini."

Kukaa nilitaka kweli. Nikashika mwimo wa mlango, nikamwita wa nne.