Kiti cha Mzee Ildephonse

Mimi husuka nywele hapa Kinama, na mlango wangu unatazamana na wa Mama Caritas, kwa hiyo mambo yake nayajua kuliko anavyopenda. Alikuwa polisi mpaka magoti yalipomchosha. Siku hizi huchaji simu za watu barazani, kofia imemfunika macho, na majirani humletea mashaka yao: mbuzi aliyepotea, mume aliyepotea. Hamwamini mtu yeyote, hata padri, na huniudhi sana anaponitazama mikono kana kwamba nimeiba kitu.

Mwezi wa sita alijiwa na Chanelle, binti wa jirani, akilia. Siku ya posa yake, watu wa mchumba wake Divin walikuja kutoka Carama na mtungi wa pombe ya ndizi, kama desturi ilivyo: upande wa mume huleta, wenyeji hunywa, na anayekataa kunywa ameikataa posa. Mtungi ukawekwa uani, mchana kweupe. Hotuba zikiendelea, kabla hata mirija haijagawiwa, pombe ikaanza kushuka yenyewe mbele ya macho ya Olga, shangazi yake Divin. Ilipofika nusu Olga alisimama, akasema hiyo ni nyumba ya wachawi, akaondoka na watu wake wote. Aliacha neno kwamba wenyeji wasipompata aliyekunywa kabla ya Jumapili, ndoa haipo.

Caritas hasadiki uchawi. Aliujaza mtungi maji, haukuvuja hata tone. Akaenda kwa Fabrice, mlevi wetu, akamnusa mdomo. Fabrice alikasirika kweli, akasema yeye asingeacha nusu. Caritas alikubali kwamba huo ni ushahidi mzuri.

Kisha akaingia sebuleni kwa akina Chanelle, nami nyuma yake, maana umbea ulikuwa unaniwasha. Ndani kulikuwa na kiti cha marehemu babu yake, Mzee Ildephonse, ambaye alipokuwa hai ndiye aliyekuwa msemaji wa posa zote za mtaa. Tangu afariki hakuna anayekikalia. Juu ya kiti ulilala mrija. Siku zilikuwa zimepita, lakini mrija ulikuwa bado umelowa na ulinukia ndizi.

Nilitaka kukimbia. Caritas alivuta kigoda, akaketi mbele ya kile kiti kama aliyemkamata mtu. Akaagiza pombe ya ndizi, akaimimina kwenye glasi, akaonja yeye kwanza, kama tunavyofanya ili mgeni ajue haina sumu, akaiweka kitini.

“Mzee, nimehoji wezi, nimehoji na wauaji,” alisema. “Leo nakuhoji we. Ni we ulikunywa?”

Glasi ikashuka taratibu mpaka likabaki povu. Nilishika msalaba wangu. Caritas alivua kofia, ambayo sijawahi kumwona akiivua hata kanisani. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akamwambia Chanelle anawe uso waende Carama.

Olga alitupokea amekunja uso, hata viti hakutupa. Caritas akamweleza yote kwa sauti ya mtu anayetoa ripoti kituoni. Olga akasema basi ni yale yale aliyoyasema: maiti anakunywa, nyumba imelaaniwa.

“Apana, mama,” Caritas alisema. “Mutu mwenye anakataa ndoa, anakunywaka pombe ya bakwe, ya watu ba upande wa bwana? Muzee alikuwa wa kwanza kuitika. Ni we ulimukatiza.”

Nilimwona Olga akijipapasa kitenge, mama wa watu, na aibu ikimpanda polepole.

“Ilimupendeza?” aliuliza.

“Hakuacha kitu mu glasi.”

Hapo ndipo tulipopewa viti.

Jumamosi iliyofuata Olga alirudi na mtungi mkubwa zaidi. Kiti cha mzee kilitolewa uani, kikawekwa mbele ya wazee wote. Olga alipiga goti, akaonja, akaugeuza mrija kuelekea kile kiti, akaomba posa upya kuanzia mwanzo. Pombe ikashuka. Vigelegele vilivyopigwa vilifika hadi mtaa wa Mutakura, watu wakaja kuuliza kuna nini, nao wakabaki kucheza. Chanelle alimkumbatia Caritas mpaka kofia ikaanguka, na mimi nililia kwa furaha bila kuona haya.

Fabrice alisogeza kigoda chake karibu na mzee, akasema atashindana naye. Jioni tulimbeba hadi kwake.