Baba Yangu Alikuwa Kwenye Makundi Matatu

Baba yangu nilimkuta mara tatu ndani ya asubuhi moja.

Mara mbili alikuwa anatafutwa. Mara ya tatu alikuwa anatafutiwa wenyewe.

Na aliyemkuta ni mimi, binti yake wa kumzaa, nimekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kompyuta, chai imepoa, mdomo umekauka kama nimeramba unga.

Niwaeleze taratibu. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mnivumilie. Ila hili jambo limenikaa kooni na nimechoka kulimeza.

Ile ofisi niliingia kama mfagiaji. Vyumba viwili juu ya duka la vioo, ngazi nyembamba, watu wawili wakikutana mmoja lazima arudi chini.

Kazi ya ofisi ilikuwa tovuti ya watu waliopotea. Ndugu yako akipotea, unaleta picha na maelezo, anafunguliwa ukurasa. Hospitali ikimpokea mtu asiyejulikana, naye anafunguliwa ukurasa.

Aliyeianzisha ni mama mmoja mstaafu, zamani alisimamia bweni la wasichana. Wote tulimwita Matroni. Wa pili alikuwa fundi wa kompyuta, mwembamba, amevaa vioo vinene kama vitako vya chupa. Huyo jina lake Miwani, lilimganda.

Walianza na kurasa arobaini. Orodha moja tu, unashuka na kidole unamaliza.

Mimi nilipofika zilikuwa elfu moja na mia sita.

Mtu anakuja kumtafuta ndugu yake, anashuka ile orodha sura baada ya sura, akifika ya mia mbili macho yanaogelea. Niliwaona mwenyewe, nikiwa nimesimama na ufagio.

Mama mmoja alimpita mwanawe.

Nawaambia kweli. Picha ya mwanawe ilikuja, ikapita, akaendelea kushuka. Mimi nilikuwa nyuma yake, na ile picha aliyoshika mkononi nilikuwa nimeshaiona. Nikamwambia, "Mama, hebu rudi juu kidogo."

Kilio kilichotoka pale kilisikika hadi dukani.

Siku ile ndipo Matroni alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

Miwani wakati huo alishaanza kuzigawa kurasa kwa miji. "Kila mji kundi lake," akasema akipangusa vioo vyake. "Safi, au siyo?"

"Si safi," nikasema. Mdomo uliteleza tu.

"Eti? Mwenye ufagio kasemaje?"

"Kaka, mtu akipotea hakai mji wake. Angekaa, asingepotea."

Matroni alicheka hadi akakohoa. "Miwani, umepatikana leo! Haya mwanangu, wewe ungezigawaje?"

"Sisi wapangaji tunafua pamoja, tunaanika kamba moja. Nguo yako unaijua kwa kiraka. Unaijua kwa kifungo kilichong'oka. Na mtu ni hivyo hivyo. Anayemtafuta anajua kovu lake, anajua jino lake, anajua anavyotembea."

Miwani akavirudisha vioo machoni.

"Mpe kiti," Matroni akasema.

Ndivyo nilivyopewa kazi ya kupanga kurasa. Asubuhi nafagia, saa tatu nakaa. Miwani alinifundisha kuuhamisha ukurasa kutoka kundi hili kwenda lile, basi. Nilisoma polepole, kwa midomo.

"Unasoma au unatafuna?" alikuwa ananitania.

"Natafuna, kaka. Nyie wa kumeza ndio mnaokabwa."

Niliweka sheria moja: kundi lisizidi kurasa thelathini. Nilishawatazama watu vya kutosha. Baada ya thelathini jicho linaanza kumdanganya mwenyewe. Likizidi, nalipasua. Makovu yakawa ya uso, ya mikono, ya miguu. Ya uso yakafurika, nikayapasua tena, juu ya nyusi na chini ya nyusi.

Matroni naye alikuwa na sheria yake, na hii ishikeni. Ukigundua kurasa mbili zinamzungumzia mtu mmoja, usiziunganishe kimyakimya. Wapigie simu kwanza wote waliozileta, siku hiyo hiyo. "Habari ya nduguye haifai mtu aigundue kwa kubofya," alisema.

Sasa niseme la kwetu.

Ukurasa wa baba yangu nao ulikuwemo. Mama aliuleta mwenyewe, mimi nikamsindikiza, na pale pale nikaomba kazi. Baba alikuwa fundi cherehani. Miaka tisa nyuma alitoka na begi dogo, akasema anakwenda kazini. Mpaka leo.

Mama alibaki kwenye chumba kile kile. Kilikuwa kinavuja, ukuta wa upande wa kitanda umeota ukungu mweusi, na kifua chake kimeshaharibika. Daktari alimwambia wazi: mvua nyingine ndani ya chumba hicho, mama, sikuahidi kitu. Mjomba, kaka yake, alikuwa na chumba kikavu kinamsubiri.

"Dada, hama. Unajiua."

"Akirudi atagonga mlango wa nani?"

Jibu ndilo hilo. Miaka tisa. Mjomba alibembeleza, alifoka, kuna siku alilia. Jibu ni hilo hilo.

Basi, Jumatano moja Miwani alinimwagia kwenye kundi la vidole kurasa za miji iliyobaki, likafika arobaini na moja. Nikalipasua. Waliokatika vidole huku, wenye vidole sita huku, waliopinda vidole huku. Waliopinda walikuwa saba, kila mmoja ametoka kwenye kundi la mji wake, wengine hawajawahi kukaa jirani tangu tovuti ianze.

Nikaanza kutafuna.

Wa kwanza, wa kwetu. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimepinda kama kulabu. Huita kila mtu Chifu, hata watoto. Hulala na soksi mguu mmoja.

Wa pili hakuwa yeye. Wa tatu hakuwa yeye.

Wa nne uliletwa na mwanamke wa mji wa mbali, siku nzima ya basi. "Namtafuta mume wangu, fundi cherehani. Ametoweka mwaka wa tatu sasa. Kidole cha mwisho kimepinda kama kulabu. Anapenda kuita watu Chifu. Usiku huvaa soksi moja."

Nikaitazama picha. Amenenepa. Amempakata mtoto wa kike. Anacheka.

Kwetu hakuna picha hata moja anayocheka.

Nikasoma tena kwa sauti ya chini kabisa. Nikaendelea, maana sikuwa na la kufanya. Wa sita ulitoka hospitali moja, una miezi mitatu. Mwanaume aliyegongwa na pikipiki, mguu umevunjika, hana jina, hana wenyewe; nikaona kapoteza kumbukumbu. Kidole kimepinda. Wauguzi anawaita Chifu. Picha imepigwa kwa upande, lakini sikio lile ningelijua hata gizani.

Sheria inasema piga simu siku hiyo hiyo.

Sikupiga.

Nilichukua ukurasa wa yule mwanamke na ule wa hospitali, nikazitupa kwenye kundi linaloitwa Mengineyo. Humo tuliweka wasio na alama. Hakuna anayelifungua.

"Waliopinda wako wangapi?" Miwani akauliza bila kugeuka.

"Watano."

Nilijiambia namwonea mama huruma. Akijua kuna mke mwingine, habari itamuua. Asipojua, ukungu utamuua. Kila siku naamka nasema leo nachagua. Kila siku namsikia anakohoa upande wa pili wa pazia, nanyamaza. Zikapita siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili akapanda ngazi mwanamke mmoja na binti wa miaka kama sita. Vumbi la safari hadi kwenye nyusi.

"Dada, shikamoo ya ofisini ni kwa nani?" Mcheshi, hata na uchovu ule. "Nimeambiwa siku hizi mmepanga kwa alama. Zamani nilikuwa nashuka hadi nasinzia."

"Karibu, dada. Alama gani?"

"Kidole."

Nilimjua. Yule mtoto nilimjua pia, alikuwa kwenye picha. Ana paji la uso langu.

Nikawaza haraka: wake nimeuficha, wa hospitali nimeuficha, hataona kitu. Nikamfungulia wale watano kwa kujiamini kabisa.

Jamani, woga unapofusha. Nilificha kurasa mbili, nikasahau kuwa hata ule wa kwetu ulikuwa na picha yake.

"Huyu!" Akasimama, kiti kikaanguka. "Huyu hapa! Mbona amekonda? Na mbona wangu haupo? Nani kaleta huu?"

Chini ya ukurasa kulikuwa na namba ya simu ya aliyeleta. Akaitoa simu yake, akaibonyeza namba moja moja, mtoto anamshikia mkoba.

Mama hana simu. Namba ile ni yangu.

Mfuko wa aproni yangu ukaanza kulia.

Akanitazama. Akautazama mfuko. Akanitazama tena, safari hii usoni, polepole, kama mtu anayesoma.

"Wewe ni nani kwake?" akaniuliza.

"Ni baba yangu."

Matroni alitoka chumba cha pili. Nikamwambia yote, nimesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Sikupunguza.

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Siku kumi na moja unajua mtu amelala kitanda gani, na watu wake wanapanda mabasi." Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga. "Mwite mama yako."

Mama nilimwambia ana kwa ana, nyumbani, kando ya ule ukuta wake. Nilisema nikitazama sakafu. Nilipomaliza aliuliza neno moja tu.

"Hospitali ipi?"

Tukaenda sote wanne. Njiani hao wake wawili hawakugombana kama mnavyofikiri. Mtoto alisinzia, kichwa kikamwangukia mama yangu begani. Mama hakukitoa.

Tulipofika wodini mama akamwambia mwenzake, "Subiri hapa na mtoto, mdogo wangu. Niache nitangulie. Nimengoja zaidi yako."

Mimi nikaenda kwa muuguzi. "Samahani, yule baba aliyepoteza kumbukumbu..."

"Nani kapoteza kumbukumbu?" Muuguzi akacheka. "Yule? Akili yake wembe! Anatushinda hata kucheza karata. Jina ndilo hataki kulitaja. Anasema akilitaja tu, watakuja watu."

Nikageuka kumzuia mama. Alikuwa ameshasikia. Na alikuwa ameshaingia.

Baba alikuwa ameegemea mto. Alimwona. Nasema alimwona, nilikuwa pale, niliona macho yanavyofunguka, kisha uso mzima ukajifunga kama duka.

"Karibu, mama," akasema kwa adabu. "Unamtafuta nani?"

Mama alisimama. Kikohozi kilimjia, akakimeza.

"Nilikuwa namtafuta mtu aliyepotea," akasema. "Naona hayupo wodi hii. Ugua pole."

Akageuka, akatoka. Hakukimbia.

Mimi nilibaki. "Baba," nikaita.

Akageukia ukutani. "Umekosea kitanda, Chifu."

Huko nje mama alikuwa amekaa karibu na yule mwanamke. "Ni yeye. Mzima, ukitoa mguu. Ukitaka ingia, usipotaka usiingie. Mimi nimemaliza."

"Ameniulizia?"

"Hakumuulizia mtu yeyote."

Tulimwacha kwenye benchi, mtoto mapajani, anautazama mlango wa wodi. Alichoamua sijamuuliza. Sina uso wa kumuuliza.

Stendi, tukingoja basi la kurudi, mama alinishika mkono kwa nguvu.

"Miaka tisa nimemweka kwenye kundi la waliopotea," akasema. "Kumbe ni wa walioondoka. Hilo kundi mnalo?"

"Hatuna, mama."

"Basi litengenezeni."

Jumamosi yake mjomba alikuja na mkokoteni. Mama alihama bila kugeuka nyuma. Msidhani alishangilia. Siku ya tatu kule kwa mjomba nilimkuta ameinamia sufuria tupu, analia bila sauti, mwiko mkononi. Kifua bado kinamsumbua, lakini mvua ilikuja ikapita naye akiwa hai.

Mimi Matroni alininyang'anya kiti mwezi mzima. Ufagio tu. Nilistahili.

Nilipokirudia, nilimpelekea lile neno la mama. Alilifikiria siku mbili. Leo kundi lipo. Mtu mzima akipatikana, akisema hataki kuonwa, hatutaji alipo; ukurasa wake unafungwa kwa mstari mmoja: Yu hai, hataki kutafutwa. Wanaosoma mstari ule wanatutukana, wengine wanazimia pale pale kwenye ngazi. Wengine hurudi baada ya miezi, wanasema wameanza kulala usingizi. Tulianza na ukurasa mmoja. Sasa ni kumi na tisa.

Ndugu yangu unayesoma hapa, kama kuna mtu unamngoja, jiulize bila kujipendelea yuko kundi gani. Aliyepotea mtafute hadi kucha zikuishe. Aliyeondoka, mwache aende na wewe uende.

Na kama ni wewe umeshika habari ya mwenzako, mpe hata kama inachoma. Mimi yangu niliishika siku kumi na moja nikijiita mwenye huruma. Mama yangu alihitaji dakika moja tu wodini kuimaliza.