Landrova Haiuzwi na Kamba Yake

Trela la trekta lilitushusha mahali ambapo dereva alisema ndipo Kinyangiri, akaondoka kabla hatujamwuliza Kinyangiri yenyewe iko upande gani. Mbele yetu palikuwa na njia ya mchanga, miiba kushoto na kulia, na mbuzi mmoja aliyetutazama kama karani aliyekwisha kufunga dirisha. Mimi nilikuwa na begi langu la siku zote. Scholastika alikuwa na dumu la petroli kichwani, kikapu mkononi, na begani bunda la kamba ya katani, nene kama kifundo cha mkono.

"Kamba ya nini?" nilimwuliza.

"Kaka, umewahi kununua gari la mtumba?"

"Hapana."

"Basi beba kikapu."

Ilikuwa Novemba 1993. Nilikuwa nimekwama Singida Mjini siku mbili nikisubiri basi la Nzega, ambalo kila asubuhi lilisemekana liko njiani. Katika ua wa nyumba ya wageni nikamsikia mwanamke akimwambia mwenye nyumba kwamba kesho anakwenda Iramba kununua Landrova. Nimeona watu wakinunua magari Bujumbura kwa Kifaransa, Lubumbashi kwa matusi na Mombasa kwa viapo, lakini sijapata kumwona mtu akienda kununua gari na petroli yake kichwani. Nikaliacha basi la Nzega liendelee kuwa njiani bila mimi.

Safari ya trela ilikuwa ndefu kiasi cha kumtosha Scholastika kunisimulia maisha yake yote. Scholastika alizaliwa Sepuka, na alipokuwa msichana alipata kazi ya upishi kwenye kambi ya wajenzi wa barabara. Madereva wakishiba ugali walilala, malori yakabaki juani, naye alitaka kivuli cha lori kwa ajili ya jiko lake. Siku moja akapanda, akakanyaga kila kilichokanyagika, na lori likarudi nyuma mpaka penye masufuria. Kwa miaka minne alirudisha malori nyuma kila mchana. Kwenda mbele alijifunza baadaye, na mpaka leo anasema kwenda mbele hakuhitaji akili.

Kisha zikaja siku za ruksa: ruksa kununua mazao shambani, ruksa kuuza popote, ruksa kufilisika. Scholastika akaacha masufuria, akaingia kwenye vitunguu. Alijua bei, alijua wakulima, alijua kunusa gunia na kusema lina siku ngapi. Kilichomshinda ni korongo. Lipo kati ya mashamba anakonunua na barabara kuu, na likiwa kavu lori linapita bila taabu. Mvua ya kwanza ikishuka, wenye malori husimama ng'ambo, wanapiga honi mara mbili kama watu wanaoaga, wanageuza. Mwaka uliotangulia gunia thelathini zilimwozea nyumbani kwa mama yake. Harufu ilikaa mpaka Pasaka, na padre alipokuja kubariki nyumba aliibariki akiwa nje. Mwaka huu kulikuwa na gunia sabini chini ya nyasi, na asubuhi ile tuliliona wingu la kwanza upande wa magharibi.

"Sitaki gari la kunifikisha Dar es Salaam," aliniambia huku trela likituruka-rusha. "Nataka la kunivushia vitunguu korongo, kidogo kidogo, mpaka viishe. Lakini likiwa halijafika Sepuka kesho, mvua itavila."

Mwenye Landrova alikuwa Mzee Obadia, mfugaji na mzee wa kanisa. Wageni waliochimba visima vijijini walipofunga mradi wao walimwuzia, naye akawalipa ng'ombe sita, maana ndicho alichokuwa nacho. Aliiendesha mara mbili tu: mara ya kwanza kwenda kanisani, mara ya pili kuingia kanisani. Ukuta ulijengwa upya. Tangu siku hiyo gari lilikaa zizini pamoja na ng'ombe, limeelekezwa pua ndani na mkia langoni, ili, alivyosema mkewe, lisilione tena kanisa.

Tulimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba.

"Shikamoo baba," Scholastika alisema akipiga goti na dumu lake kichwani.

"Marahaba, mwanangu. Habari za Singida?"

"Nzuri."

"Za Sepuka?"

"Nzuri."

"Za mvua?"

"Ndizo zinanikimbiza, baba."

Mkewe, Mama Martha, alituletea uji, akanitazama nilivyoshika kikapu.

"Na huyu mgeni? Anauza au ananunua?"

"Anaangalia tu," Scholastika alisema.

"Masikini," alisema Mama Martha, akanijazia bakuli.

Bei walikuwa wamekwisha kupatana tangu wiki mbili nyuma, na fedha zilibadilisha mikono kabla uji haujapoa. Kisha tukaenda zizini. Landrova ilikuwa ndefu, nyuma wazi, na rangi zake zilikuwa nyingi kuliko ninavyoweza kuzitaja: kijani ya kiwandani, nyeupe ya mradi, na kahawia ya kutu iliyokuwa ikizishinda zote mbili. Ndama alikuwa anakuna shingo yake kwenye taa. Kwenye kiti cha abiria kuku alikuwa amelalia mayai.

"Huyu ndiye Madoa," alisema Mzee Obadia.

"Hii tairi ya nyuma imechoka," alisema Scholastika.

"Huyu hana ugonjwa. Kila Jumamosi namwamsha."

"Na stata yake hii?"

"Hiyo ilikufa kabla hajaja kwangu. Lakini hana haja nayo."

Mimi ambaye hujisifu kwa lugha sita, na ambaye lugha ni chakula changu, nilisikia yote hayo nisisikie kitu. Mzee alikuwa anasema "huyu", Scholastika anasema "hii". Walikuwa wanauziana vitu viwili tofauti, na hakuna aliyegundua.

Mzee alitoa hendeli, chuma kirefu kilichopinda mara mbili, kinachong'aa kwa kushikwa, akakiingiza puani mwa gari. Akazungusha mara tatu. Madoa alikohoa, akatetemeka, akanguruma. Ng'ombe hawakushtuka, walikuwa wamezoea sauti ya mwenzao. Kuku hakuinuka. Scholastika alisikiliza injini ameinamisha kichwa, akagundua kwamba mguu ukitoka kwenye mafuta inazima, akasema si neno. Mzee akaizima, akaifuta hendeli kwa ncha ya shati lake, akaibana kwapani.

Scholastika alimimina petroli, akatupa kamba yake nyuma ya gari, nami nikatupa begi langu juu yake. Mama Martha akamtoa kuku pamoja na mayai. "Kuku hajauzwa," alisema.

"Haya baba," Scholastika alinyoosha mkono. "Nipe hendeli niwashe."

"Hendeli inabaki."

"Inabaki wapi?"

"Hapa. Nyumbani."

Alidhani ni utani, akacheka. Mzee hakucheka.

"Mwanangu, wewe ni Mnyaturu. Kwenu mtu akiuza ng'ombe, kamba inakwenda na nani?"

Kicheko cha Scholastika kikafa polepole. "Inabaki na mwenye zizi," alisema.

"Kwa nini?"

"Ikitoka, inawaongoza na waliobaki."

"Na mnunuzi?"

Mzee akaonyesha kwa kidevu lile bunda la katani nyuma ya gari.

"Mnunuzi huja na kamba yake. Umekuja nayo. Nilipoiona nikasema moyoni, huyu binti amelelewa."

"Baba, ile ni ya kuvutia gari likiharibika!"

"Kamba ni kile unachomtolea mnyama zizini," Mzee alieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Huyu namtoa kwa nini? Kwa hendeli. Mwaka juzi nilikuwa na haraka, nikauza mtamba na kamba yake. Kabla ya mavuno walikufa tisa."

"Na wewe ni mzee wa kanisa," alisema Mama Martha kutoka nyuma.

"Kanisani sijafunga ng'ombe."

"Umeingiza gari tu."

Scholastika hakuweza kubishana, kwa sababu baba yake mwenyewe, kule Sepuka, alikuwa na kamba za ng'ombe aliowauza zimening'inia darini mpaka alipokufa. Badala yake akaanza kutafuta kamba nyingine.

"Chukua tairi la akiba, baba. Liwe ndiyo kamba."

"Tairi ni kwato. Mtu anabaki na kwato kama ameuza nyama."

"Honi basi."

"Ng'ombe asiye na sauti ni mgonjwa. Nitakuwa nimekuuzia mgonjwa."

"Kioo cha pembeni!"

"Unataka nimtoboe jicho?"

Hapo mimi nikaona ni wajibu wangu kusema. Nikaeleza kwamba katika safari zangu nimeona nchi ambako muuzaji hubaki na kitu kidogo cha heshima tu, tuseme karatasi, au picha. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa.

"Mama Martha," alisema, "mwongezee mgeni uji."

Wingu la magharibi lilikuwa limepata wenzake. Scholastika aliliangalia, akaangalia gari, akaangalia bunda lake la kamba, na nikaona uso wake ukitulia kama wa mtu aliyekwisha kuona kivuli kinakoelekea.

"Sawa, baba. Hendeli ibaki. Lakini mnyama wa kununuliwa hutolewa kwa kamba ya mnunuzi, au siyo?"

"Ndivyo."

"Na mwenye zizi humsaidia mnunuzi kumtoa, au siyo?"

Mzee alifikiri. "Ndivyo."

"Basi nifungie maksai wako wanne."

Hilo lilimfurahisha kuliko fedha. Maksai walitiwa nira, na majirani waliokuwa kwenye mashine ya kusaga wakaacha debe zao wakaja. Kwa kuwa Madoa alikuwa ametazama ndani, kamba ilifungwa nyuma yake. Angetoka zizini kinyumenyume, na injini ingewaka hivyo hivyo kwa kuvutwa, kwa gia ya rivasi. Majirani walisikitika kwa sauti. Jirani mmoja aliuliza kama mama anajua kwamba usukani unaonyesha upande wa pili.

"Nimeanzia huko," alisema Scholastika, akapanda.

Mimi niliambiwa nisukume puani. "Ukisikia ngurumo, kaka, ruka ndani," aliniambia. "Sitasimama."

Mzee akapiga mluzi. Maksai wakainamisha vichwa, kamba ikakaza, na Madoa, ambaye hakuwa amesogea tangu siku ya ukuta, akatoka zizini taratibu, makalio mbele. Scholastika akaachia klachi. Gari likaruka, likakohoa, likaruka tena, kisha likanguruma kwa sauti iliyowarusha njiwa paani, na kabla sijakumbuka kuruka lilikuwa limekwisha kuniacha langoni.

Maksai walikuwa wamezoea kumsikia Madoa akinguruma amesimama. Kumsikia akinguruma huku anawafuata kwa nyuma ni jambo jingine. Waliondoka mbio. Kamba ilikuwa bado imefungwa, kwa hiyo Madoa akaondoka nao, na kadiri alivyonguruma ndivyo walivyokimbia, na kadiri walivyokimbia ndivyo alivyonguruma. Walipita penye mashine ya kusaga, wakapita penye kisima, Scholastika amegeuza shingo nyuma, mkono mmoja kwenye usukani, akinyoosha gari kama anarudi kivulini. Mzee Obadia, na miaka yake yote, alikimbia sambamba na panga. "Kanisa! Kanisa!" Mama Martha alipiga kelele. Mzee akakata.

Maksai wakaenda zao na kipande cha kamba. Madoa akaenda zake na kingine, akazunguka ua wa kanisa akiwa umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwenye ukuta mpya, akatikisika wakati gia inabadilishwa, kisha kwa mara ya kwanza alasiri ile akaja kwetu uso mbele.

Mzee alikuwa amerudi anahema, ameshika kile kipande cha katani alichokifungua kwenye nira. Kwapani bado amebana hendeli.

"Sasa unazo kamba mbili," alisema Mama Martha.

Mzee alikiangalia kipande. Aliiangalia hendeli. Nilimwona akipiga hesabu ya haki, na hesabu ikimkataa.

"Moja ni desturi," alisema. "Mbili ni wizi." Akaniwekea hendeli mikononi na kunisukuma njiani. "Mpe! Kamba yake imebaki, hii ni yake! Mwambie asimame!"

Nilikimbia nikiinua chuma kile juu. "Hendeli! Mama Leah, hendeli! Amekubali!" Nilimwita kwa jina la mwanawe, kama watu wa mjini wanavyomwita, nikitumaini litamgusa zaidi.

Aliiona. Niliona macho yake yakiishika ile hendeli, na mguu wake ukiitaka breki. Kisha akaangalia wingu.

"Simzimi!" alipiga kelele dirishani. "Simzimi, baba, mpaka Sepuka!"

Alinipita. Begi langu lilikuwa nyuma, juu ya kamba iliyosalia kwenye bunda. Kiti changu kilikuwa na mtu: kuku, ambaye katika vurugu zile alikuwa amerudi mahali pake na kukaa.

"Kuku wangu!" alilia Mama Martha.

Tulisimama njiani, majirani wote pamoja nasi, mpaka vumbi likashuka, na baada ya hapo tukabaki tunasikiliza. Sauti ilishuka mahali njia inapoingia kwenye mchanga mwingi. Ikawa nyembamba. Hakuna aliyepumua. Mzee Obadia alikuwa ameinua kidole. Kisha ikapanda tena, nene, upande wa pili, ikaendelea kuelekea Singida.

"Amepita," alisema Mzee.

Ilikuwa Jumatatu. Nikauliza trekta hupita lini tena, wakaniambia Alhamisi. Mama Martha akaenda kuniletea bakuli la uji.